Nimetoa arbuni ya pikipiki ya Mzee, na mke wangu hajui

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, wote nyumbani wamelala. Nina miaka 41, nimeoa, tuna watoto wawili. Kwa miaka tisa nimekuwa nikienda kazini kwa pikipiki ndogo ya cc 125, kilometa 28 kwenda na 28 kurudi, jua na mvua. Nusu ya njia ni barabara kuu yenye malori. Pikipiki yangu imenitumikia na siisemi vibaya, ila imechoka, na mimi nimechoka nayo. Kuna mlima mmoja kabla ya kufika kazini ambao lazima nirudi gia ya tatu, resi yote imeisha, na lori linanipumulia mgongoni. Nikifika juu nakuta nimebana hendeli mpaka vidole vimekufa ganzi. Ni hivyo kila asubuhi.

Yupo mzee mmoja niliyefanya naye kazi. Nilipoajiriwa ndiye aliyenipokea, akanifundisha kazi, na akanisitiri makosa mengi ambayo angeweza kuyafikisha kwa wakubwa. Sasa amestaafu. Ana pikipiki aina ya Suzuki GS500 ya mwaka 1998, nyekundu, aliyokuwa akija nayo kazini tangu enzi hizo. Si ya mashindano. Haina mabodi ya plastiki, injini iko wazi unaiona yote, na unakaa wima kama umeketi kitini. Miaka miwili iliyopita nyonga ilianza kumsumbua, akaacha kuiendesha. Mwezi uliopita akaniita. Akasema, "Sitaki imwangukie mtu nisiyemjua. Chukua wewe." Bei aliyonitajia ni ndogo kuliko ya pikipiki ndogo mpya.

Nilikwenda kuiona Jumamosi. Akaifunua shuka, akapangusa tangi kwa shati lake kuukuu, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Ikawaka kwa mguso mmoja wa stata. Nilipoinama kuangalia cheni nilishika bomba la moshi, nikautoa mkono haraka. Lilikuwa la moto. Akacheka, akasema, "Nimeiamsha tangu asubuhi ikusubiri." Kisha akaniletea daftari. Kila alipobadilisha oili ameandika tarehe na kilometa kwa wino wa bluu, miaka yote hiyo. Hata tangu aache kuiendesha, anasema huiwasha kila wiki dakika chache isilale.

Nikamuuliza kama naweza kuja na fundi wangu aiangalie. Hakukasirika, Shangazi. Alinyamaza. Akafunga daftari, akasema, "Mimi na wewe tumefikia kuletana mafundi?" Nikaona haya, nikasema nilikuwa natania. Pale pale nikatoa arbuni, theluthi ya bei, tukaandikiana karatasi. Zilizobaki nimeahidi kuzimaliza mwisho wa mwezi ujao.

Tatizo la pili ni mke wangu. Hajui lolote. Hela ni akiba yetu wote wawili, tuliiweka kwa ajili ya kubadilisha pikipiki, lakini makubaliano yalikuwa ndogo mpya. Wiki kadhaa kabla ya hapo nilimgusia kwamba kuna ya cc 500 inauzwa. Alisema, "Pikipiki kubwa ni jeneza kubwa," akainuka akaondoka. Tangu tulipoteleza tukiwa wawili miaka minne iliyopita, akaumia goti, hataki kusikia habari za pikipiki. Naona ni woga tu, kwa sababu hazijui. Mimi naamini kubwa ni salama zaidi, maana ina nguvu ya kukimbia hatari.

Kazini nako kila mtu na lake. Mmoja ananiambia kununua pikipiki ya zamani ni kununua matatizo ya mwenzako. Mwingine anasema za zamani ndizo pikipiki, hizi za leo ni makopo.

Karatasi ya arbuni nimeificha ndani ya kofia yangu ngumu, chini ya sponji. Kila nikiivaa naisikia inakwaruza.

Nikirudi nyuma nitamvunja Mzee moyo. Nikiendelea, sijui nitaingiaje nayo nyumbani. Nimefikiria kuileta kwanza ndipo nimwambie mke wangu, labda akiiona ilivyo nzuri atatulia. Nimefikiria pia kumpeleka fundi siku ambayo Mzee hayupo, aiangalie kimya kimya. Nishauri, Shangazi.

Mwenye karatasi kwenye kofia

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona habari ya pikipiki. Mara ya pili nikaona habari ya Mzee. Mara ya tatu nikahesabu mistari uliyompa mke wako, nikaona ni michache kuliko uliyoupa ule mlima. Sikulaumu. Mtu huandika sana pale anapopajua, na mlima huo unaujua kwa vidole vyako. Lakini naomba tuanze na jambo hilo tukilikumbuka: kuna pikipiki unayotaka kuinunua, kuna mzee usiyetaka kumuumiza, na kuna mwenzako ambaye hela yake imeshatoka bila yeye kujua. Umeyafunga yote matatu mzigo mmoja, ndiyo maana hayabebeki.

Nianze na pikipiki, maana ndiyo rahisi. Mimi si fundi, kwa hiyo kabla ya kukujibu niliketi na mtu aliyezitengeneza za aina hii miaka mingi, nikamsomea barua yako bila kumwambia imetoka kwa nani. Alitabasamu nilipotaja GS500. Alinieleza kwamba zilianza kutoka mwaka 1989, injini ya silinda mbili, cc 487, gia sita, na kwamba injini yake hupozwa na upepo tu. Haina rejeta, haina pampu ya maji, haina mpira wa maji wa kupasuka njiani. Kwa mtu wa safari ya kila siku, alisema, kitu ambacho hakipo hakiharibiki. Rimu zake ni za inchi 17, saizi ambayo pikipiki nyingi za barabarani hutumia, kwa hiyo tairi hazisumbui kupatikana. Na huko kukaa wima ulikokusifu kuna maana kwa anayekaa kwenye kiti kilometa 56 kwa siku: mgongo haulali, shingo haijikunji, na unaona juu ya magari yaliyo mbele yako.

Nikamuuliza kama Mzee alichagua vizuri enzi zake. Akasema pikipiki za rika la hiyo GS500 ni Honda CB500 na Kawasaki ER-5, nazo ni za silinda mbili ila hupozwa na maji, na kwamba Suzuki wenyewe mwaka 1999 walileta SV650 yenye nguvu kubwa zaidi. Hii ya Mzee ndiyo mpole kuliko zote hizo. "Huyo mzee," akasema, "alinunua pikipiki ya kwenda kazini, hakununua ya kujionyesha." Nimeona nikuambie, nadhani utapenda kulisikia.

Kwa hiyo rafiki yako anayesema pikipiki ya zamani ni matatizo ya mwenzako, na yule anayesema za leo ni makopo, wote wawili wanazungumzia pikipiki ambayo hawajaiona. Umri wake haukumtisha fundi. Kilichomfanya aweke kikombe chini ni maneno mawili ya barua yako: "miaka miwili" na "dakika chache".

Pikipiki iliyosimama, mwanangu, huchakaa kwa namna yake. Petroli inayobaki ndani ya kabureta hukauka ikaacha gundi, na vile vitundu vyembamba vya kupitishia mafuta huziba. Ndani ya tangi, sehemu ambayo mafuta hayafiki hushika kutu, hasa tangi likiachwa nusu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani hata kama gurudumu halizunguki, ndiyo maana hushauriwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Mipira ya kabureta hukakamaa na kupasuka. Na kuiwasha dakika chache kila wiki, ambako Mzee amekuwa akikufanya kwa mapenzi yote, hakusaidii kama anavyodhani: injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu unaotokea ndani yake, na betri hutumia umeme mwingi kuwasha kuliko unaorudishwa kwa muda huo mfupi. Alikuwa anaitunza kwa njia aliyoijua. Sisemi imeharibika. Ikiwa kabureta zinahitaji kusafishwa tu, hiyo ni kazi ya kawaida kwa fundi anayejua. Ninachosema ni kwamba wewe hujui, na yeye naye hajui.

Halafu kuna lile bomba la moto. Kila fundi atakuambia pikipiki ya kununua iangaliwe ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyokwisha pashwa huficha mengi: ugumu wa kuwaka, moshi wa mwanzo, mlio wa vyuma kabla oili haijapanda. Mfanyabiashara akikuwashia kabla hujafika, una haki ya kujiuliza. Lakini nimeyasoma maneno ya Mzee, "nimeiamsha tangu asubuhi ikusubiri," na siisikii hila ndani yake. Namsikia mtu aliyeamka mapema akiogopa isije ikagoma mbele yako. Inawezekana hata yeye hana uhakika nayo kama anavyotamka.

Hapo ndipo ningependa tuutazame upya ule ukimya wake. Wewe umeusoma kuwa umemvunjia heshima. Huenda ni kweli. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na mteja alipogeuza nguo ndani nje kukagua mshono, baba alikuwa akinyamaza vile vile. Nikiwa mtoto nilidhani ni hasira. Nilipokua nikamwuliza. Akaniambia, "Nilikuwa nasubiri kuambiwa kama bado ninaweza." Mzee wako ameacha kazi, sasa nyonga imemwachisha na pikipiki. Daftari lile la wino wa bluu ni ushahidi wake kwamba alikuwa mtu makini. Ulipotaja fundi, pengine alichosikia ni kwamba daftari halikutosha.

Kama ni hivyo, basi kumpeleka fundi kimya kimya siku Mzee hayupo ndiyo njia ninayoiogopa kuliko zote ulizotaja. Kwanza utamfungulia nani mlango? Pili, siku akijua, na atajua, ile aibu uliyoikwepa Jumamosi itarudi ikiwa kubwa mara kumi, na safari hii atakuwa na haki.

Kuna njia nyingine, nayo ina hatari zake. Unaweza kurudi kwake na kumwambia ukweli ulioumeza siku ile: "Mzee, sikuwa natania. Nataka fundi aiangalie, na nataka uwepo, umwonyeshe wewe, maana hakuna anayeijua kama unavyoijua." Mwombe aje na daftari. Fundi asome, aulize, "Hapa ulibadilisha oili ya aina gani? Vali zilipimwa lini mara ya mwisho?" Umesema daftari lina oili. Hukusema lina vali, wala cheni, wala mafuta ya breki. Huenda yamo na hukuyaona, huenda hayamo. Mzee akiwa pale anajibu, ukaguzi unakuwa mazungumzo kati ya watu wawili wanaojua pikipiki, na wewe ndiye mwanafunzi, kama ilivyokuwa kazini. Hatari yake ni kwamba bado anaweza kukataa. Na hatari kubwa zaidi ni kwamba fundi anaweza kukuta kitu. Kabla hujaenda, jiulize utasema nini mbele ya mzee huyo ikiwa kitu hicho kitapatikana. Utamwomba apunguze bei? Utabeba gharama mwenyewe ukiwa umejua? Au utaomba arbuni irudi? Swali hilo litafakari nyumbani, usilisubiri ukiwa umesimama pale.

Fundi wangu alinitajia vitu ambavyo hata wewe unaweza kuvitazama bila zana yoyote, ukiwa umechuchumaa tu kando ya Mzee. Tairi ubavuni zina tarakimu nne ndani ya kiduara. Zikisomeka 2315, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015, na hata kama vijino vyake bado virefu, mpira wa umri huo umekuwa mgumu na hautashika lami yenye maji. Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, uivute kuja kwako. Ikiachana na meno ukaona mwanga katikati, cheni na sproketi zimekwisha, na hubadilishwa pamoja. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele: ukitoka na oili, sili zimechoka. Inua gurudumu la mbele, geuza hendeli taratibu. Ikikwama kidogo pale katikati, beringi za shingo zinataka kubadilishwa. Kwa umeme, mwachie fundi na kipimo chake. Injini ikipigwa resi kiasi, volti kwenye betri zinapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5 hivi, na zikipungua sana au kuzidi, kuna tatizo kwenye mfumo wa chaji. Na namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu ilingane na ya hati, jina la kwenye hati liwe la Mzee. Hilo la mwisho ni la dakika moja, ila usiliruke kwa sababu unampenda.

Sasa nije kwa mke wako, na kwa neno ulilolisema kwa uhakika sana: kwamba kubwa ni salama zaidi kwa sababu ina nguvu ya kukimbia hatari.

Kwenye mlima wako, naliona. Kupanda ukiwa na akiba ya resi, ukaenda mwendo wa magari mengine badala ya kusukumwa nayo, ni jambo la maana, na sitakuambia ni la kufikirika. Lakini huko si kila mahali. Mwaka 1981 ulitolewa utafiti wa Marekani ulioongozwa na Harry Hurt, ambao watu wake walifika papo hapo mahali zilipotokea mamia ya ajali za pikipiki huko Los Angeles, zaidi ya 900. Katika ajali zilizohusisha pikipiki na gari, theluthi mbili zilisababishwa na mwenye gari kuingia njia ya pikipiki. Na nusu ya ajali walizochunguza, pikipiki ilikuwa haijafika hata kilometa 50 kwa saa kabla ya hatari kutokea. Ni utafiti wa zamani na wa mji mmoja, ila pale gari linapokukatia njia ghafla mbele yako, nguvu ya kukimbia haina pa kukimbilia. Hapo kinachohitajika ni breki na mikono inayozijua.

Na hiyo GS500 ya Mzee haina ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu kukwama ukibana breki kwa nguvu, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi za umri wake. Ina uzito wa takriban kilo 170 kabla ya kujazwa mafuta, na wewe miaka tisa mikono yako imezoea kitu chepesi zaidi. Ukibana breki ya mbele kwa mazoea ya ile ndogo, kwenye lami yenye maji, haitakujibu vile vile. Utafiti huo huo ulikuta asilimia 92 ya waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Wewe ulifundishwa na nani, mwanangu? Hukuandika.

Kwa hiyo mke wako anayesema kubwa ni jeneza kubwa hajakosea kuogopa, ila huenda ukubwa siwo wa kuogopwa. Na wewe unayesema kubwa ndiyo usalama hujakosea kuuchoka mlima, ila umeipa injini kazi isiyo yake. Nyote wawili mnazungumzia cc, na nahisi hakuna kati yenu anayezungumzia ile siku mliyoteleza.

Nilirudi kwenye sentensi yako: "tulipoteleza tukiwa wawili… akaumia goti." Pikipiki iliyowaangusha ilikuwa hiyo ndogo. Aliyeumia ni yeye, na aliyekuwa ameshika hendeli ni wewe. Kisha ukaandika, "naona ni woga tu, kwa sababu hazijui." Anazijua. Anazijua kwa goti. Abiria wa nyuma hana breki wala hendeli, ana mgongo wa mtu mbele yake tu, na siku ile mgongo huo ulikwenda chini naye akaufuata. Miaka minne imepita, na kila asubuhi anauona mgongo huo huo unatoka mlangoni. Umewahi kumwuliza alisikia nini siku ile? Hapo simaanishi maumivu ya goti.

Sijui atakuambia nini. Inawezekana ukimwuliza atakuambia hataki pikipiki yoyote ndani ya nyumba hiyo, ndogo wala kubwa, na hapo utakuwa umejitafutia swali kubwa kuliko ulilokuja nalo. Hiyo ni hatari ya kweli na siifichi. Inawezekana pia atakachotaka ni vitu viwili au vitatu vya kushikika: uende mafunzo ya breki kwanza, ununue kofia ngumu mpya badala ya hiyo ya miaka mingi, usiipande na watoto mpaka miezi kadhaa ipite. Kuhusu kofia naweza kukupa la kumwambia: mapitio ya tafiti nyingi yaliyokusanywa pamoja yalikuta kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini tarakimu zangu hazitatangulia pale ambapo yeye hajasikilizwa.

Wazo la kuileta kwanza, akiiona atatulia, naomba ulipime tena. Pikipiki nzuri itaingia, ataiangalia, na nadhani swali lake la kwanza litakuwa, "Lini?" Ukishajibu lini, uzuri wake hautakusaidia. Makubaliano yenu yalikuwa ndogo mpya. Unaweza kuyabadilisha makubaliano, watu hubadilisha, ila hubadilishwa na wale wale walioyaweka. Kumwambia sasa, kabla ya mwisho wa mwezi ujao, kuna faida moja ambayo baadaye haitakuwepo: bado theluthi mbili hazijatoka. Bado kuna kitu cha yeye kukiamua. Anaweza kukasirika kwa sababu ya arbuni, na itakubidi uketi na hasira hiyo bila kumkumbusha bei ilivyo nzuri.

Na mkifika kwenye hesabu, ziwe hesabu kamili. Fundi wangu anakadiria ya cc 500 ya aina hii hula kama lita 5 kwa kilometa 100, wakati yako ndogo hula karibu nusu ya hizo. Kwa kilometa zako 56, hiyo ni kama lita 2.8 kila siku dhidi ya 1.4. Tairi zake ni pana na ghali zaidi, bima nayo huenda isifanane. Ongeza kazi za kuiamsha kutoka usingizi wa miaka miwili: kabureta, mafuta ya breki, huenda tairi, huenda betri. Inawezekana baada ya yote hayo bado iko chini ya pikipiki mpya, na inawezekana isiwe. Ndogo mpya nayo ina lake: itaanza bila historia ya kutilia shaka, halafu itaupanda ule mlima kama hii uliyonayo. Hilo nalo liseme kwa mke wako wazi, pamoja na vidole vinavyokufa ganzi. Sidhani kama umewahi kumwambia. Umemwambia cc, hukumwambia lori.

Njia ya katikati ipo, sijui kama hali yenu inairuhusu: kutoiuza ndogo mara moja. Ukaanza na kubwa siku za mwisho wa juma, barabara tupu, asubuhi kavu, ukajifunza breki zake na uzito wake, na kwenda kazini ukaendelea na ile unayoijua kwa miezi miwili mitatu. Ni gharama ya kutunza mbili, na ni majaribu pia, maana mtu huwa na hamu ya kitu kipya. Ila mikono ingepata muda.

Na Mzee je, ukiamua kurudi nyuma? Utamhuzunisha, sitakudanganya. Ila hebu mfikirie yeye upande wa pili. Alisema hataki imwangukie mtu asiyemjua. Je, angependa imwangukie mtu ambaye kila akiiwasha nyumbani kwake hakuna anayesema neno? Mtu aliyekusitiri makosa kazini miaka yote hiyo, nadhani anaweza kusikia sentensi hii: "Mzee, nilikosea, nilitoa hela kabla ya kuzungumza na mama watoto. Nipe wiki mbili." Huenda hata yeye ana la kukuambia kuhusu mke wake na pikipiki hiyo nyekundu. Miaka yote hiyo, lazima kuna siku naye aliingia nyumbani amelowa na kuchelewa.

Utakapokuwa umezungumza nao, yeyote utakayeanza naye, niandikie. Nitapenda kujua fundi alikuta nini, na zaidi nitapenda kujua mke wako alisema nini kuhusu ile siku.

Ila karatasi itoe kwenye kofia leo usiku. Sponji ile imewekwa ishike kichwa pande zote bila nafasi, na kesho asubuhi una mlima wa kupanda.